Kila Mtumbwi Una Mwenyewe

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaosoma kurasa hizi ni watu wa mashairi na hadithi. Mkisikia neno hisabati, mnafunua ukurasa wa pili. Subirini kidogo, jamani. Ninachotaka kusimulia hapa si mahesabu. Ni habari ya kuandika, tena kuandika kwa aina ngumu kuliko zote nilizopata kukutana nazo, ambapo kila sentensi inaulizwa swali moja: umejuaje?

Nilikulia Musoma mjini, mtaa wa Iringo, karibu na mwalo wa Mwigobero. Shule ya msingi tulisoma hisabati kwa Kiswahili. Namba shufwa, namba witiri, namba tasa, kigawo kikubwa cha shirika: maneno hayo tuliyaimba kama nyimbo za mchakamchaka. Tulipoingia kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza, na zile tasa zetu zikapewa jina jingine. Lakini katika lugha zote mbili jambo moja halikubadilika. Hisabati ilikuwa ni kutafuta jibu. Tafuta x. Tafuta eneo. Ukilipata unalipigia mistari miwili chini, unachungulia majibu nyuma ya kitabu, yakifanana umemaliza, unakwenda kuogelea ziwani.

Mchezo huo niliuweza, sitajivunga. Ndio ulionipandisha basi mwaka 2015 kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kile kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mpaka leo watu wanakiita Mlimani.

Wiki ya kwanza mhadhiri wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, aliandika ubaoni sentensi moja: jumla ya namba witiri mbili ni namba shufwa. Chini yake akaandika neno moja tu: thibitisha.

Darasa zima likacheka. Sasa hilo nani halijui? Jamaa mmoja wa mbele akasimama, akasema tatu na tano ni nane, saba na tisa ni kumi na sita, kumi na moja na moja ni kumi na mbili. Akakaa kwa raha zake. Yule mama akamwuliza kwa upole, "Hizo umezijaribu, sawa. Zile ambazo hujazijaribu, umejuaje?"

Kimya. Feni tu ndiyo iliyosikika.

Ndipo akaandika mistari mitatu. Namba witiri ni mbili mara namba kamili fulani, ukaongeza moja. Basi namba witiri mbili ni 2a + 1 na 2b + 1. Ukizijumlisha unapata 2(a + b + 1), ambayo ni mbili mara namba kamili, basi ni shufwa. Akaweka chaki chini.

Nakwambia ndugu yangu, nilikaa nikaitazama ile mistari kama mtu aliyeona mzimu. Namba witiri hazina mwisho. Hakuna binadamu atakayezihesabu zote, hata akianza leo na wajukuu wakapokezana. Na huyu mama kazimaliza kwa mistari mitatu, bila kuijaribu hata moja.

Basi hapo ndipo safari ilipoanza, na haikuwa nyepesi. Mlimani kuna kitu kinaitwa desa. Desa ni majibu ya wenzio wa mwaka uliopita, yaliyonakiliwa mpaka yamefifia. Somo la kukokotoa unaweza kulipita kwa desa. Somo la uthibitisho desa halikusaidii, maana ukibadilishiwa neno moja tu la swali, jengo zima linaanguka. Waliozoea kukariri walianza kuota sapu, na wengine kudisko kabisa.

Mimi na washikaji wawili, mmoja wa Pemba na mwingine wa Mbeya, tukaunda kikundi. Jioni tunakaa kwenye vimbweta, zile meza za zege chini ya miti. Sheria ilikuwa moja. Mmoja anasoma uthibitisho wake kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Wawili wanamkatiza popote wanapotaka, kwa neno lile lile: umejuaje? Akijibu, anaendelea. Akisema "aah, ni dhahiri bwana", anarudishwa mwanzo. Tuligundua upesi kwamba neno dhahiri ni mkeka unaotandikwa juu ya shimo. Mara nyingi palipoandikwa dhahiri ndipo palipokuwa na kazi yote.

Jioni moja tulikuwa na uthibitisho wa Yuklidi kwamba namba tasa hazina mwisho. Huyu Yuklidi alifundisha Aleksandria, Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Wazungu wanamhesabu kuwa wao, maana aliandika Kigiriki, lakini mji wake ni wa Afrika. Tena maji ya ziwa letu hapa Musoma yanatokea Jinja, yanashika Mto Naili, yanapita Sudani, yanakwenda kumwagika baharini huko huko upande wa mji wake. Nilipolifikiria hilo nikamwona jirani.

Uthibitisho wenyewe, kwa Kiswahili chetu cha vimbwetani, ni huu. Chukua orodha yoyote ya namba tasa yenye mwisho. Zizidishe zote, kisha ongeza moja. Namba uliyoipata, ukiigawa kwa tasa yoyote ya kwenye orodha, inabaki moja. Lakini kila namba kamili inayozidi moja ina kigawo ambacho ni namba tasa. Basi kigawo hicho hakimo kwenye orodha yako. Basi hakuna orodha yenye mwisho itakayozimaliza namba tasa.

Yule wa Mbeya akasema, "Kwa hiyo hiyo namba mpya yenyewe ndiyo tasa." Yule wa Pemba akamwuliza, "Umejuaje, yakhe?" Tukaanza kujaribu. Mbili mara tatu ongeza moja ni 7, tasa. Zidisha mpaka 5, unapata 31, tasa. Mpaka 7 ni 211, tasa. Mpaka 11 ni 2311, tasa. Mtu wa Mbeya akaanza kututazama kwa dharau. Tukazidisha mpaka 13, tukapata 30,031. Tulihangaika nayo karibu saa nzima, na kumbe ni 59 mara 509. Si tasa! Na 59 na 509 zenyewe ni tasa, na hazimo kwenye orodha, sawasawa na alivyosema Yuklidi. Mzee hakusema namba mpya ni tasa. Alisema ina kigawo kilicho tasa. Alisema kile tu alichokuwa na haki ya kukisema, hakuongeza hata herufi.

Hiyo ilinikaa. Mifano minne mfululizo ilikubali, wa tano ukakataa. Na kuna fomula inayohusishwa na Euler, Mswisi wa karne ya 18: chukua n mara n, jumlisha n, jumlisha 41. Anzia n ikiwa sifuri, unapata tasa. Endelea mpaka 39, mara arobaini mfululizo, zote tasa. Ukiweka 40 unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mashahidi arobaini wanasema ndiyo, wa arobaini na moja anasema hapana, na kesi inakwisha hapo hapo. Mifano mingi haitoshi kuthibitisha kila, ila mfano pinzani mmoja unatosha kuivunja.

Mtihani tuliandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya chuo. Kubishana tulibishana kwa Kiswahili. Na hapo nikaona jambo ambalo sikuambiwa na mtu: vyombo vyote vya kazi hii tunavyo nyumbani. Ikiwa. Basi. Kila. Kuna. Hakuna. Ila. Wapo wanaosema Kiswahili hakiwezi hisabati. Nawauliza, wamejuaje?

Chukua hivi viwili, kila na kuna. Kila mtumbwi una mwenyewe. Pale Mwigobero hilo ni kweli, hakuna mtumbwi wa Mungu. Sasa zigeuze: kuna mtu mmoja ambaye ndiye mwenye kila mtumbwi. Maneno ni karibu yale yale, lakini habari ni nyingine kabisa. Ya kwanza inasema kila mmoja ana chake. Ya pili inasema yupo tajiri, na ninyi wengine ni vibarua.

Katika somo la analisisi shida yote ilikuwa hapo. Grafu isiyokatika ina ahadi: nipe kosa dogo utakaloruhusu, ndilo epsiloni, nami nitakupa umbali wa kutembea bila kulivuka kosa hilo, ndio delta. Lakini je, kila nukta ina delta yake, au kuna delta moja inayozifaa nukta zote? Ni mtumbwi ule ule. Hata wakubwa walikwama hapo. Mwaka 1821 Cauchy, Mfaransa aliyeheshimiwa Ulaya nzima, alichapisha kwamba ukijumlisha mfululizo wa grafu zisizokatika na jumla ikatulia, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 Abel, kijana wa Norwei aliyekuwa na miaka 24, akaonyesha mfululizo mmoja ambao jumla yake inakatika. Kijana hakuhitaji cheo. Alihitaji mfano mmoja.

Sasa nisimulie ya Bunda, maana bila hiyo ningekuwa nimewapigia soga ya darasani tu.

Likizo ndefu ya mwaka 2017 nilikwenda kumsalimia baba mdogo, anayeishi kijijini ndani ya wilaya ya Bunda. Pamba ilikuwa imeshavunwa. Nilikuta mji una uzito. Ng'ombe watatu walikuwa wamekufa ndani ya mwezi mmoja, na siku ya pili yangu pale wazee wa ukoo wakaitana kikao. Sikuitwa kama msemaji. Niliitwa kubeba viti.

Aliyezungumziwa alikuwa mama mmoja mzee, mjane, jirani wa mpaka. Simtaji. Siku moja aligombana na baba mdogo kwa sababu ya mbuzi walioingia shambani. Wiki iliyofuata ng'ombe wa kwanza akafa. Hoja ikajengwa taratibu, mzee mmoja anaweka tofali, mwingine anaweka lingine. Mwisho baba mdogo akasema, "Tena mchawi anajulikana kwa macho. Yale macho mekundu yule mama kayapata wapi?"

Kila aliyekulia kanda ya ziwa anajua sentensi hiyo huwa inaishia wapi. Imeishia kwenye mapanga, usiku, kwa vikongwe wengi wasio na hatia. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu kwa uchawi namna hiyo, lakini sheria ipo mjini na kikao kipo chini ya mwembe.

Moyo ulikuwa unanidunda. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Wazee wangu, naomba ruhusa niulize swali, si kwa kubishana."

"Uliza, mwanangu," baba mdogo akasema.

"Baba mdogo, tuseme ni kweli kila mchawi ana macho mekundu. Je, kila mwenye macho mekundu ni mchawi?"

Akanitazama. "Ninyi wasomi bwana. Tofauti iko wapi?"

Sikujibu. Niligeuka tu nikaangalia jikoni. Bibi yetu, mama yake mzazi, alikuwa ameinama akipuliza moto, kuni mbichi zinatoa moshi, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Macho yake mekundu kama kaa la moto, tangu nimemfahamu. Wote wakaangalia nilikoangalia. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta tumbaku yake mfukoni.

Nikauliza la pili, kwa sauti ya chini. Ng'ombe wamekufa kwa waliogombana naye peke yao? Kijana mmoja, mtoto wa shangazi, akasema hata ng'ambo ya mto wamekufa, kwa watu ambao hawamjui kabisa huyo mama. Na kwamba josho lilikuwa kavu tangu masika, kupe wamejaa, na bwana mifugo alishasema ni ndigana kali.

Hapo baba mdogo akasema neno ambalo sitalisahau. "Sawa. Lakini na wewe hujathibitisha kwamba yeye si mchawi."

Jamani, alikuwa sahihi! Angekuwa kwenye kimbweta chetu tungempa maksi zote. Kuvunja hoja si sawa na kuthibitisha kinyume chake. Nikamwambia, "Ni kweli, baba. Sikuthibitisha. Nimeonyesha tu kwamba njia tuliyopita haifiki kule tunakosema tumefika. Na anayetaka kumwondoa mtu duniani, mzigo wa kuthibitisha ni wake."

Kikao kiliisha bila azimio. Hakuna aliyesema umeshinda, hakuna aliyesema umeshindwa. Yule mama hakuguswa. Lakini baada ya wiki chache mwanawe alikuja kumchukua akamhamishia Musoma mjini, na nyumba yake ikabaki na kufuli. Hoja ilikuwa imevunjika, hofu haikuvunjika. Uthibitisho unafanya kazi yake, haufanyi kazi zote.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilipitia Butiama, kwa bodaboda, vumbi mpaka masikioni. Nilikwenda Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezikwa pale Oktoba 1999. Watu wengi wakifika pale wanafikiria uhuru na Ujamaa. Mimi kichwani nilikuwa na Shakespeare. Huyu mtoto wa Butiama, akiwa Rais wa nchi changa, alikaa akafasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963, na mwaka 1969 ikatoka tena imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Sielewi mtu anayejenga nchi alipata wapi usiku wa kupima silabi. Lakini hata hilo la kusahihisha na kutoa upya linaniambia kitu: alikuwa mtu wa kurudia mstari mpaka uwe sawa.

Mle ndani kuna kisa kifupi ambacho wasomaji wanakiruka. Kaizari ameuawa, Antoni amehutubia, umati umewaka moto. Njiani wanakutana na mtu anaitwa Cinna. Mmoja wa waliomwua Kaizari naye anaitwa Cinna. Mtu huyu anajitetea kwamba yeye siye, yeye ni mshairi tu. Haisaidii. Jina linafanana, kwao inatosha.

Nilisimama pale Mwitongo nikamfikiria yule mshairi, nikamfikiria yule mama wa mpakani. Mmoja kwa jina, mwingine kwa macho. Hoja ni ile ile: wauaji wana alama hii, huyu ana alama hii, basi ni muuaji. Kile kijineno basi, kidogo namna ile, kinaweza kubeba panga. Ndiyo maana yule mama wa Mlimani alikuwa hatuachii basi yetu hata moja ipite bila kuiuliza.

Waandishi wenzangu, hapa ndipo ninapotaka kuwagusa. Sisi tunapenda sentensi tamu, na sentensi tamu ina hatari yake, maana utamu unamfanya msomaji ameze bila kutafuna. Sisemi hadithi iandikwe kama theoremu, la hasha. Hadithi ina haki zake. Nasema tu kwamba ukiandika "wanawake wote", "vijana wa siku hizi", "watu wa kabila fulani", umeandika kila, na kila ina deni. Usomee rafiki yako kwa sauti, rafiki mwenye akili asiyekuamini. Pale atakapokukatiza, ndipo kazi yako ilipo.

Siku hizi nafundisha sekondari hapa Bunda, kidato cha tano na cha sita. Sina vimbweta, nina mwembe. Ijumaa tunakaa chini yake, mwanafunzi mmoja anasoma, wengine wanamkatiza. Mwezi uliopita niliwapa ile ya mitumbwi. Nikaandika ya kwanza, kila mtumbwi una mwenyewe. Nikaandika ya pili, kuna mtu mmoja mwenye kila mtumbwi. Nikawauliza, je, ya pili ikiwa kweli, ya kwanza nayo ni kweli? Wakajibu ndiyo, na wakaeleza vizuri. Je, ya kwanza ikiwa kweli, ya pili ni lazima? Wakasema hapana, wakanipa mfano.

Binti mmoja wa kidato cha tano, baba yake mvuvi, alikuwa amenyamaza muda wote. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo kwenye mfano nimeelewa. Lakini mwaloni kwetu ni ile ya pili."

"Umejuaje?" nikamwuliza, kwa mazoea.

Akaanza kuitaja mitumbwi, mmoja mmoja, kwa majina yaliyoandikwa ubavuni, na mwenye kila mmoja. Alipofika wa kumi na mbili, darasa zima lilikuwa limeacha kucheka.